Hojaji Baada ya Matanga

Mhadhara wa wazi, Kisumu



Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha hojaji fupi yenye kauli 21. Mtu aliyepatwa na jambo zito hupewa kauli hizo moja baada ya nyingine, naye hujipa alama kuanzia 0 hadi 5. Sufuri ni kusema hajabadilika, tano ni kusema amebadilika sana. Kauli zenyewe ziko katika mafungu matano: uhusiano na watu, njia mpya maishani, nguvu za nafsi, mambo ya roho, na kuuthamini uhai. Ukijumlisha zote hupati zaidi ya 105. Mwaka 2001 Nancy Hogan na wenzake walitoa hojaji ya wafiwa hasa, yenye kauli 61 na mafungu sita. Mafungu matano ni ya maumivu, na la sita ni la kukua.

Tuwatendee haki. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kufiwa ni kuzuri. Tedeschi na Calhoun walisema kwamba mtu anapopambana na msiba, mapambano yenyewe huweza kumwachia kitu ambacho hakuwa nacho. Bibi zetu walilijua hilo bila hojaji. Shida inaanza pale kipimo kilichojaribiwa kwanza kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani kinapotafsiriwa, kikapandishwa ndege, kikateremka nchi nyingine, halafu jumla ya nchi hii ikawekwa kando ya jumla ya nchi ile na kuambiwa: hawa wamekua zaidi ya wale.

Mimi nashikilia kwamba kukua baada ya msiba kunapimika, hata hapa ufuoni mwa Ziwa Victoria. Ila hojaji hii inatazama ndani ya mtu mmoja aliyeketi peke yake na kumbukumbu zake. Kwetu, kinachokua au kinachodumaa baada ya kifo ni boma, ambalo Wajaluo huliita dala, na jirani anakiona kutoka barabarani.

Nianze na hizo kumbukumbu. Mwaka 2009 Patricia Frazier wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio rahisi ambalo ni wachache waliowahi kulifikiria. Waliwapima wanafunzi, wakasubiri, kisha wakawapima tena wale waliopatwa na mambo mazito katika muda huo. Kiasi ambacho mtu alisema amekua hakikulingana vizuri na kiasi alichobadilika kweli kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Mimi sikushangaa. Ukimuuliza mfiwa amebadilikaje tangu siku ile, unamwomba alinganishe alivyo leo na mtu ambaye hakumtazama vizuri alipokuwa yeye. Atakusimulia, na simulizi yake itakuwa na thamani yake. Kipimo ni jambo lingine.

Halafu kuna fungu la mambo ya roho. Katika hojaji ya 1996 lina kauli mbili tu, na moja inauliza kama imani yako ya dini imeimarika. Nendeni nayo Nyakach, au Kendu Bay kwa Waadventista, au kwa waumini wa Legio Maria. Mjane anayesimama mbele ya waombolezaji bila kumshukuru Mungu atasemwa mpaka rapar, siku ya kumkumbuka marehemu. Kushukuru ni adabu ya matanga kabla hakujawa habari ya moyo, kwa hiyo mama atajipa tano hata kama amekosana na Mungu tangu Machi. Tatizo la namna hii liliwafikia watunzi wenyewe kutoka upande wa pili. Mwaka 2017, wakiwa na Kanako Taku na wenzao wengine, walitoa toleo lenye kauli 25 lililojaribiwa Marekani, Uturuki na Japani. Waliongeza kauli kuhusu maana ya maisha, ili asiye mtu wa dini naye apate mahali pa kujibu. Ni hatua njema. Lakini haikumsaidia mama wa Nyakach, ambaye shida yake ni kwamba jibu lake limekwisha kupangwa na umati.

Na watu wetu si wageni wa hojaji. Tangu 2001 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na kituo cha CDC cha Marekani, imehesabu watu nyumba kwa nyumba, kwanza Asembo, kisha Gem, baadaye Karemo: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Kifo kikitokea, mhoji huja baadaye kuuliza dalili alizokuwa nazo marehemu, ili sababu ya kifo ikadiriwe. Kazi hiyo imeokoa maisha, nami siibezi. Nasema tu kwamba mjane wa Asembo akiona mtu mwenye fulana ya mradi akiingia langoni anajua namna ya kujibu, na anajua vilevile namna ya kumaliza mazungumzo mapema.

Kuna kasoro nyingine inayotuhusu zaidi. Hojaji inakuomba ufikirie tukio moja. Tukio lipi? Kabla dawa za kupunguza makali ya ukimwi hazijaenea katika hospitali za umma, kuna maboma hapa Nyanza yaliyozika mume, kisha ndugu yake, kisha mke mdogo, kisha binti aliyerudishwa kutoka Nairobi, na katikati mtoto mchanga ambaye kifo chake hakikutangazwa redioni. Hata katika utafiti wa kitaifa wa 2018, wakati dawa zilikuwa zimeenea, maambukizi yalikuwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay, 17.5 Kisumu na 15.3 Siaya, na wastani wa Kenya nzima ulikuwa 4.9. Mtu aliyefiwa namna hiyo hana kabla na baada. Ana mfululizo. Wenzel Geissler na Ruth Prince, wanaanthropolojia walioishi katika kijiji kimoja cha Siaya karibu na ziwa, waliandika kitabu The Land is Dying, kilichotoka 2010. Wanakijiji wao walibishana sana juu ya kukua, lakini hawakubishana juu ya nafsi ya yeyote. Ubishi ulikuwa juu ya nani ajenge kwanza, nani apande kwanza, lipi lilirukwa wakati wa mazishi, na kama boma litainuka tena.

Sasa niseme kuhusu saa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi na moja, inatambua huzuni iliyorefuka kupita kiasi, na inataka iwe imedumu angalau miezi 6 tangu kifo, tena iwe imevuka wazi desturi za jamii na dini ya mfiwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2022 unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Watafiti wa kukua nao huandika kwenye safu: miezi tangu kifo. Lakini hapa saa ya msiba huanza lini?

Mwanasiasa Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Tarehe 18 mwili wake ulikuwa Mamboleo, hapa mjini, na tarehe 19 alizikwa Bondo, Kang'o ka Jaramogi. Siku nne tu, kwa sababu alitaka azikwe upesi, na wengi wenu mlinung'unika kwamba hamkupata hata muda wa kulia. Sasa mwekeni kando ya wakili Silvano Melea Otieno, ambaye Kenya nzima humwita SM. Alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Waiyaki Otieno, alitaka kumzika nyumbani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, iliyoamua tarehe 15 Mei 1987, na SM akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei. Mkewe hakuhudhuria. Mhoji mwenye kalenda ya Shirika la Afya Duniani angefika kwa Wambui akiwa na miezi 6 kamili, na kaburi lingekuwa na mwezi mmoja.

Kesi hiyo inanivutia kwa jambo jingine. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha 1992, Burying SM, walionyesha jinsi kila upande ulivyoleta mahakamani elimu yake. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka alisimama upande wa ukoo kueleza mila, pamoja na wakili Richard Kwach. John Khaminwa akamtetea mjane. Mimi naiona kama mashindano ya vipimo. Tukitumia hojaji ya Charlotte, Wambui angepata alama za juu kweli kweli. Mwaka 1998 alichapisha kumbukumbu zake, Mau Mau's Daughter. Mwaka 2003 aliolewa na kijana aliyekuwa mdogo wake kwa miongo kadhaa, nchi ikacheka, ikakasirika, ikanyamaza. Nguvu za nafsi, njia mpya: mweke tano, tano. Tukitumia kipimo cha ukoo, kilichokua ni Nyalgunga. Boma lilipata mtu wake, na watoto wa ukoo wana kaburi la kuonyesha. Huwezi kujumlisha alama hizi mbili, na kuchukua wastani ni kuwatukana wote wawili.

Je, ndiyo kusema tuache kulinganisha? Hapana. Ufuoni mbuta, samaki mkubwa, hupimwa kwa kilo juu ya mizani na omena, dagaa wadogo, hupimwa kwa kopo la gorogoro. Mchuuzi anayeuza vyote viwili anajua jioni kipi kimempa faida, kwa sababu hajaribu kuitia mbuta ndani ya gorogoro.

Mfano wa kufuata uko ng'ambo ya ziwa hilihili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Paul Bolton na wenzake walikwenda Rakai na Masaka, sehemu za Uganda ambako ukimwi ulikuwa umeua watu wengi mno. Kabla ya kutoa hojaji yoyote, waliwauliza wanakijiji: mwanamke wa hapa hufanya kazi zipi ili ajitunze, awatunze watu wake, na awe mtu kati ya watu? Kisha wakauliza vivyo hivyo kuhusu mwanamume. Majibu ndiyo yaliyogeuzwa kuwa kipimo. Humo mlikuwa na kulima, kupika, usafi wa mwili, kwenda mikutanoni, na humo mlikuwa na jambo ambalo hakuna mtu wa Charlotte angeliweka: kushiriki katika mazishi. Kipimo hicho kikatumika katika jaribio la tiba ya kikundi kwa watu wenye sonona katika vijiji 30, lililochapishwa 2003. Waliopata tiba walipona kuliko wasioipata, na walirudi kwenye shughuli zao.

Lifikirieni hilo la mazishi. Mtu aliyezama katika huzuni haendi kwa wenzake. Anatuma mchango kwa M-Pesa na kukaa ndani. Siku anapotoka, akavaa leso yake, akaenda kukaa budho, yaani kukesha, kwa jirani aliyefiwa na kulia naye, kuna kitu kimegeuka, na kijiji kizima kimeona. Tofauti na hojaji, huwezi kulijibu hilo kwa adabu. Ulikwenda au hukwenda.

Ningeanza hapo. Ningewauliza akina mama wa Dunga, Usenge na Mbita: mnamjuaje mfiwa aliyesimama tena? Nadhani watasema amerudi kwenye chama chake na anatoa mchango wake. Watasema ananunua samaki kwa mtaji wake mwenyewe. Watasema mwanawe amejenga simba, nyumba ya kijana ndani ya boma, au nyumba iliyokuwa imeinama imeezekwa upya. Watasema mtoto aliyezaliwa baadaye amepewa jina la marehemu, na jina hilo sasa linaitwa kwa sauti ya kawaida, hata kwa kukemewa. Watasema rapar imefanyika na deni la mazishi limekwisha. Mwalimu mmoja wa hapa aliwahi kuniambia kwamba kwao huzuni hupungua sambamba na madeni, nami naona kauli hiyo inafaa ipimwe kabla ya kuchekwa.

Lakini kuna pingamizi zito dhidi ya kipimo changu, na nalisema mimi mwenyewe kabla halijasemwa kutoka viti vya nyuma. Boma huweza kukua juu ya mgongo wa mwanamke. Kurithiwa kwa wajane, ter, kulikusudiwa kuwe paa juu ya mjane na watoto wake, na wako waliopata paa hilo. Mwaka 2010 Kawango Agot na wenzake walichapisha utafiti wa wajane karibu 2,000 wa Bondo: zaidi ya nusu walikuwa wamerithiwa, na maambukizi ya virusi vya ukimwi kati ya wajane wote yalikuwa ya kutisha. Boma ambalo kila desturi imefuatwa, mashamba yamepandwa kwa utaratibu na simba zimesimama, huenda ndani yake kuna mama aliyekubali asichokitaka ili mwanawe aruhusiwe kujenga. Kipimo changu kingempa alama zote. Hojaji ya Charlotte, pamoja na makosa yake, ingalau ingemuuliza yeye. Kwa hiyo siitupi. Naishusha cheo: iwe shahidi mmoja kati ya wawili, na mahali ambapo mashahidi hawapatani ndipo utafiti uanzie. Roseline Orwa, mjane aliyeanzisha Rona Foundation kule Bondo kuwatetea wajane na yatima, ni mtu ambaye vipimo vyote viwili vingehangaika naye: amekua kwa kukataa sehemu ya yale ambayo boma huyaita kukua, na wakati huohuo kazi yake yote ni kuwapa wengine maboma.

Kuhusu nchi na nchi, tuna somo la karibu zaidi kuliko Japani. Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao walijaribu tiba ya vikundi kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, nusu Kenya katika eneo la Bungoma, nusu Tanzania kule Moshi, mjini na mashambani. Walioitoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Bungoma waliopewa tiba walikuwa bado na nafuu kuliko wenzao wasiopewa. Moshi tofauti ilikuwa imefutika, kwa sababu hata wasiopewa tiba walikuwa wamepata nafuu. Ukiwa na haraka utasema tiba imefanya kazi Kenya na kushindwa Tanzania, na utakuwa umekosea vibaya. Swali zuri ni hili: watoto wa Moshi walipata nini nyumbani, shuleni au kwa majirani, ambacho wa Bungoma walikikosa mpaka tiba ikakileta? Kulinganisha nchi kunafaa kwa ajili ya swali la namna hiyo. Hata hivyo wale walikuwa wakipima maumivu yaliyopungua. Kukua ni kugumu zaidi, kwa sababu mahali pengi hakuna aliyekubaliana kunaonekanaje.

Na kuna msiba ambao hojaji ya kukua haina haki ya kuubishia hodi. Agosti 2017, katika vurugu zilizofuata uchaguzi, mtoto Samantha Pendo, mwenye umri wa miezi 6, alijeruhiwa nyumbani kwao Nyalenda na akafa. Uchunguzi wa mahakama hapa Kisumu ulitamka mwaka 2019 kwamba polisi wanawajibika. Mashtaka yakaja 2022. Mzazi anayengoja hukumu akiulizwa amejifunza nini kuhusu nguvu zake, swali hilo linahamisha mzigo. Linamtaka yeye abadilike, wakati anayepaswa kubadilika amevaa sare. Hali ni hiyohiyo kwa jamaa za waliopigwa risasi hapa Oktoba 1969, siku Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia. Huko nyuma nilikozungumzia saa, sikuitaja saa hii, ile ambayo haijaanza kwa sababu serikali haijasema ilifanya nini.

Kwa wanafunzi wa Maseno na wa chuo cha Jaramogi kule Bondo waliomo humu, ambao baadhi yao wameniletea mapendekezo ya utafiti yenye hojaji ileile ya kauli 21 iliyotafsiriwa wikendi moja: tumieni. Lakini kabla ya kauli ya kwanza, ongezeni safu tatu. Siku ngapi zilipita kati ya kifo na mazishi, na nani aliamua mahali pa kuzika. Nyumba anayolala mfiwa leo ni ya nani, na alikubali masharti gani ili aendelee kulala humo. Deni la mazishi limebaki shilingi ngapi. Safu hizo zijazwe na mtu anayeijua lugha ya nyumba hiyo, aliyekaa na wenyeji angalau muda wa chai, na ziulizwe pia kwa jirani. Mkiniletea data yenye safu hizo kutoka Kisumu, na mtu wa Kyoto akaniletea ya kwake yenye maswali ambayo wajane wa Kyoto wenyewe wameyachagua, hapo niko tayari kukaa mezani tulinganishe.